Chuma Kilikuwa Juu

Jumapili, 14 Desemba 1986

Nimemkosea Mzee Jachen. Naanza na hilo, maana nikianza na jingine nitazunguka mpaka daftari liishe.

Alhamisi tarehe nne nilifungua kwa ufunguo wangu kizuizi cha barabara, kile chuma alichokifunga yeye, nikapitisha gari, theluji ikatuporomokea. Polisi waliponiuliza nikasema: chuma kilikuwa juu. Maneno matatu tu. Sasa kijiji kizima kinasema mzee kasahau kuteremsha chuma, na kibaya zaidi, yeye mwenyewe anasema hivyo hivyo.

Niandike vizuri. Mimi ni dereva wa hoteli ya Bi Nesa hapa Plaun, mwaka wa ishirini na nne huu. Wageni wakishateleza kwa skii hapa siku nne tano wanataka kwenda Valdaira, ng'ambo ya mlima. Njia ni mbili. Treni inateremka mpaka chini kabisa, unabadilisha treni pale Punt, unabadilisha tena, unapandishwa upande wa pili. Mwendo wa saa tatu na nusu. Gari linapita njia ya juu, dakika hamsini. Kila asubuhi wakinywa kahawa wananiuliza, "Curdin, leo treni au gari?" Na mimi jibu langu miaka yote: treni ni ya mbuzi na barua. Wanacheka. Napenda wakicheka.

Anayejua kama njia ya juu inapitika ni Mzee Jachen. Kila asubuhi anapanda na skii zake mpaka chini ya mteremko wa Mutta, anachoma theluji kwa fimbo yake ndefu, anasikiliza, anarudi. Kama haifai anateremsha chuma pale kona ya mwisho, anakipiga kufuli, anapiga simu stesheni na hotelini. "Imefungwa." Haongezi neno. Kazi hiyo kaifanya miaka thelathini na moja.

Siku ile aliifunga saa saba na nusu mchana. Wageni wangu walikuwa Bwana na Bi Iselin wa Basel, wazee, mjukuu wao anachumbiwa Valdaira jioni ile. Treni ya saa saba na dakika kumi wangeiwahi. Mimi ndiye niliyewaambia wamalize supu yao taratibu, gari lipo. Simu ya Jachen ilipokuja treni ilikuwa imeshaondoka, na inayofuata ingewafikisha watu wameshakula. Bi Iselin alinitazama tu. Hakunilaumu. Ningekubali tu kwamba nimewakosesha treni, yangeishia hapo.

Nikawaambia, twendeni. Kwenye kona nikateremka nikajifanya nafuta taa. Vioo vilikuwa vimeganda, hawakuona kitu. Nikafungua kufuli, nikainua chuma, nikapita. Sikurudi kukiteremsha, nilikuwa na haraka. Mteremko wa Mutta ulitushukia dakika kumi baadaye. Haukuwa na kelele kama watu wanavyosimulia. Ilikuwa kama mtu kazima mchana.

Aliyetufukua ni Jachen. Alikuwa chini akasikia mlima, akapanda na watu wanne, fimbo yake ndiyo iliyogonga paa la gari. Theluji ilipotolewa kwenye kioo, uso wa kwanza niliouona ni wake, ndevu zimeganda, analia, anasema, "Curdin, mwanangu, chuma kilikuwa juu? Nimekuta kiko juu." Nikasema ndiyo. Polisi nikawaambia lile lile, maana nilikuwa nimeshalisema.

Bi Iselin kavunjika nyonga. Mumewe na mimi, michubuko.

Na ufunguo? Ufunguo wa pili alinipa Jachen mwenyewe, miaka kumi na miwili iliyopita, kwa ajili ya kina mama wajawazito treni ikikwama. Nimeutumia mara mbili, zote nilimpigia simu kwanza. Hajauliza habari zake. Sidhani hata kama umempita kichwani.

Ningekuwa wa ng'ambo ya mlima ningekwenda kuungama kwa padri. Sisi hapa kanisa letu ni la kukaa kwenye benchi na kusikiliza mahubiri, hatuna kile kibanda cha kuungamia. Nina daftari hili.


Jumatatu, 15 Desemba

Theluji sentimita ishirini. Wageni wanne. Nimewaambia treni.


Alhamisi, 18 Desemba

Naandika ndani ya gari, stesheni, nasubiri treni ya saa saba. Gari hili ni la kuazima; letu bado liko kwa fundi, paa limebonyea mpaka kwenye viti.

Jachen kaja akaingia, akakaa kiti cha mbele, kofia magotini.

"Nakumbuka nikigeuza kufuli," akasema. "Nakumbuka baridi ya ile kufuli mkononi. Lakini labda ni ya siku nyingine, eh? Nimeigeuza mara elfu."

"Labda, Mzee."

"Kilikuwa juu, kweli? We uliona kwa macho yako?"

"Kilikuwa juu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa dawa chungu. Akaniuliza hali ya mgongo wangu. Kisha akateremka, akafunga mlango, akaenda hatua tatu, akarudi kuangalia kama kaufunga.


Alhamisi, 25 Desemba

Seraina, mke wangu, alimkaribisha Jachen chakula cha mchana, kama kila mwaka tangu mkewe afariki. Ndiye baba wa ubatizo wa binti yetu, tungefanyaje. Supu ya shayiri, nyama ya kukausha. Kabla ya kukaa mezani alisema kasahau kuzima jiko kwake, akaenda. Akarudi. Tulipofika kwenye nyama akasimama tena.

"Mzee, umeshalizima," Seraina akamwambia. "Umekwenda, umeona, umerudi. Kaa ule."

"Nimeona, mama, lakini nimeona nini?"

Seraina akacheka akidhani ni mzaha. Jachen alikuwa hatanii. Akaenda mara ya pili na theluji ile. Mimi nikamwaga mchuzi kwenye kitambaa cha meza.

Jioni alipoaga akaniuliza pembeni, kofia mkononi. Nikasema kilikuwa juu. Ya tatu hiyo, au ya nne.


Jumatatu, 29 Desemba

Bi Nesa kaniita ofisini.

"Curdin, tangu lini wewe umekuwa mpiga debe wa reli?"

"Theluji ni nyingi, Bi Nesa."

"Njia iko wazi leo. Jachen kasema wazi."

"Nimewaambia wageni wachague."

"Umewaambia treni. Nimekusikia. Yule bwana wa Zurich kakuuliza treni au gari, umesema treni kabla hajamaliza kuuliza. Wanafika Valdaira wamechoka, wanasema Plaun ni mbali, mwaka ujao wanaanzia huko huko. Unaniua."

Nikatazama funguo za gari mkononi mwangu.

"Kama ni woga sema. Woga naweza kuuelewa. Ulifukiwa. Lakini sema."

Nikamwambia ndiyo, ni woga. Akanipa glasi ya pombe ya mizizi na akanigusa bega. Watu wananionea huruma kila mahali. Muuza mikate kaniongezea mkate juzi.

Si woga wa theluji. Nikifika pale kwenye kona mikono inakataa.


Jumamosi, 3 Januari 1987

Jua. Baridi kali, digrii ishirini na mbili chini ya sifuri. Treni.


Alhamisi, 8 Januari

Kikao cha kamati ya kijiji, saa tisa, chumba cha juu cha shule. Mwenyekiti wetu Luzi, mwenye karakana ya seremala, si mtu mbaya. Alianza kwa kumsifu Jachen kwa dakika nyingi, na watu wote tukajua kinachokuja.

"Hatusemi unafukuzwa, Mzee," akasema. "Tunasema upumzike mpaka mkutano mkuu wa Machi. Fadri atashika."

Fadri ni mpwa wake Luzi. Ana skii nzuri.

Jachen akasimama. Nilidhani atajitetea. Nilikuwa namwomba kimoyomoyo ajitetee, agonge meza, aseme nilifunga, kuna mtu mwingine kafungua, mtafuteni. Hapo labda ningesimama. Labda.

Akasema: "Ni sawa. Mtu asiyekumbuka kama kafunga hafai kufunga. Bi yule wa Basel ana chuma kwenye nyonga kwa ajili yangu. Curdin ana watoto." Kisha akanigeukia mbele ya wote. "Na Curdin hajanitupia hata neno moja baya. Hata moja. Nataka iandikwe."

Karani akaiandika. Iko kwenye kitabu cha kijiji sasa kwamba mimi ni mtu mwema.




Ijumaa, 9 Januari

Nilikwenda kwake kumwambia. Hakuwepo. Sikumsubiri.


Jumatano, 21 Januari

Siku tatu theluji bila kukata. Treni ilichelewa saa moja lakini ilifika, imebeba ukuta wa theluji puani. Dereva wake akanipungia mkono. Zamani tulikuwa tunatukanana kwa mikono, yeye na mimi, kila nikimpita pale barabara inapokwenda sambamba na reli. Sasa kila siku nampelekea abiria, anadhani nimeokoka.

Fadri kaifunga njia saa nne, baada ya gari la maziwa kupita. Jachen angeifunga tangu jana. Nilimwona yule mzee dirishani kwake, nyumba ile ya mlinzi wa barabara, iko karibu kabisa na kona. Alikuwa anaangalia Mutta kwa darubini. Aliponiona akaishusha haraka kama mtu aliyefumaniwa.


Jumapili, 1 Februari

Hakuna la kuandika.


Ijumaa, 6 Februari

Leo lazima niandike yote, mwandiko usomeke usisomeke.

Tangu Jumatano upepo wa joto kutoka kusini. Theluji mpya juu, chini yake ngozi ya barafu. Asubuhi hewa ilikuwa laini, matone yanadondoka kwenye mapaa, wageni wanafurahi, wamefungua makoti. Fadri akapiga simu hotelini saa mbili: wazi.

Nilikuwa na watu sita wa kwenda Valdaira, familia moja ya Bern, na mtoto wa miaka minne aliyevaa kofia ya masikio. Bi Nesa akaniambia mbele yao, kwa tabasamu la wageni, "Curdin atawapeleka na gari. Njia iko wazi." Maana yake nisithubutu kutaja treni.

Baba wa familia akauliza, "Treni si salama zaidi?"

"Kwa treni ni mwendo wa saa tatu na nusu, bwana," akasema Bi Nesa. "Na mtoto huyu?"

Nikapakia mizigo. Nikafunga minyororo kwenye matairi, taratibu kuliko siku zote. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye gurudumu la nyuma nilipoona viatu vya Jachen.

Kaja mbio, kanyanyua mabega, anahema. Miaka yote sijamwona akikimbia.

"Curdin. Unapita juu?"

"Fadri kasema wazi."

"Ndiyo. Fadri kasema." Akatazama chini. "Si kazi yangu. Najua."

"Mzee, unataka kusema nini?"

"Sitaki kusema kitu. Ni kwamba..." Akavua glavu, akavaa, akavua. "Nimepanda alfajiri. Usimwambie Luzi. Nimechoma pale chini ya Mutta. Fimbo imeingia kama kwenye maziwa, halafu ikagonga, halafu ikaingia tena. Na kulikuwa na ule mlio. Unaujua ule mlio."

Naujua. Alinifundisha nikiwa kijana. Ni kama mtu anakaa kwenye godoro la majani chumba cha pili.

"Basi nenda kamwambie Fadri."

"Nimwambie nini? Mimi?" Akacheka, kicheko kibaya. "Labda nilisikia mwaka jana. Labda hata kupanda sikupanda. Niliamka, nikajikuta na viatu vilivyolowa, nikasema basi nimepanda. Usinisikilize, Curdin. Nimekuja tu kwa sababu... usinisikilize. Fuata Fadri."

Akaanza kuondoka. Kaniachia watu sita na mtoto wa kofia ya masikio, kwa sababu mimi nimemfundisha kutojiamini. Mtu anayejua mlima ule kuliko mlima unavyojijua, anakuja kuokoa watu, halafu anaomba radhi kwa kuja.

Nikamshika mkono. "Viatu vyako vimelowa mpaka magotini, Mzee. Umepanda."

"Unadhani?"

"Umepanda."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulishafunguka. Yule baba wa Bern akatoka mlangoni na mtoto begani. "Tuko tayari, dereva! Mbona umechelewa?"

Nikasimama. Nikawaambia, "Tunakwenda stesheni."

Bi Nesa alikuwa nyuma yake. Uso ukabadilika. "Curdin!"

"Nifukuze kesho, Bi Nesa. Leo wanapanda treni."

Nikawapeleka. Mtoto aliniuliza kama treni ina choo. Kisha nikaenda kwa Fadri, nikamkuta anapaka nta kwenye skii, nikamwambia afunge. Akaniuliza nani kasema. Nikasema mimi. Sikusema Jachen, maana asingefunga. Akanitazama, akafikiri habari za kufukiwa kwangu, akaona huruma, akachukua funguo. Saa sita na nusu chuma kilikuwa chini.

Mutta ulishuka saa kumi kasorobo. Tuliusikia hotelini, glasi zikagongana kabatini. Barabara imefukiwa mita mia mbili, theluji imevuka mpaka mtoni, imekata misonobari kama viberiti. Hapakuwa na mtu.

Kijiji kizima wananipa mkono. Bi Nesa kanibusu mara tatu mashavuni kama desturi, analia. Fadri kanunua vinywaji. Wanasema aliyewahi kufukiwa anapata pua ya kunusa theluji. Nikawaambia ni Jachen, ni Jachen ndiye aliyejua. Luzi akasema kwa upole, "Una moyo mzuri, Curdin."

Nikaenda kumwambia Jachen mlima umeshuka. Alikuwa kausikia. Alikuwa kakaa jikoni, mikono kwenye meza.

"Nimebahatisha," akasema.

"Hukubahatisha. Ulichoma, ukasikia."

"Hata saa iliyokufa hupatia mara mbili kwa siku, mwanangu." Akaniuliza kama nimekula. Kisha: "Siku ile. Chuma..."

Sikumwacha amalize. Nikasema nimeacha gari njiani, nikatoka.


Jumatatu, 9 Februari

Sijafukuzwa.


Jumatano, 18 Februari

Seraina kaniuliza kama nina mwanamke mwingine. Nikamwambia sina. Akasema, "Afadhali ungekuwa naye, ningejua ninachopigana nacho."


Jumapili, 1 Machi

Watoto wamezunguka kijiji na kengele za ng'ombe shingoni kufukuza baridi, kama kila tarehe moja Machi. Kelele mpaka mbao za nyumba zinatetemeka. Nilikuwa nimesimama kwenye kisima cha kijiji na Jachen nikaguswa bega na fimbo.

Bi Iselin. Kaja kwa treni, peke yake, mumewe ana mafua. Fimbo ya kutembelea yenye kichwa cha fedha, kofia ya manyoya, mgongo umenyooka.

"Dereva," akasema. "Nimekuja kumwona mtu aliyenifukua. Nilikuwa nimelala kwenye machela, sikumshukuru."

"Ndiye huyu, bi."

Akampa mkono. Jachen hakuupokea. Alivua kofia, na mvi zake zile zimesimama, mbele ya watoto na kengele zao akainama.

"Bi, usinishukuru. Mimi ndiye niliyeacha chuma juu. Nisamehe kama unaweza. Nilitaka kukuandikia, sijui kuandika vizuri."

Bi Iselin alibaki na mkono hewani. "Chuma gani?"

"Kizuizi. Pale kwenye kona. Nilisahau kukiteremsha, Curdin akapita hajui."

Akanigeukia mimi. Ana macho ya rangi ya majivu yule mama, hayapepesi.

"Kwenye kona," akasema. "Si hapo uliposimamisha gari, dereva? Uliteremka."



"Nilifuta taa, bi."

"Ulikaa sana."

"Zilikuwa zimeganda."

"Aa," akasema. "Taa." Akaendelea kunitazama. Kisha akachukua mkono wa Jachen kwa nguvu, kwa mikono yake yote miwili, akamwambia, "Mimi sina la kukusamehe, bwana wangu. Unanisikia? Sina." Alisema na Jachen lakini alikuwa hajaniondolea macho.

Nilimpeleka stesheni saa tisa. Treni ikaingia. Nikamshika kiwiko kumpandisha ngazi. Juu kabisa akageuka.

"Polisi waliniuliza habari za theluji tu," akasema. "Nikawajibu habari za theluji."

Mlango ukafungwa. Nimewadanganya wangapi sasa, kwa maneno matatu.


Alhamisi, 5 Machi

Mvua na theluji pamoja. Gari halitoki, treni inatoka.


Jumanne, 10 Machi

Nilimngoja Jachen aniulize. Nilijipanga: akiniuliza tena kama chuma kilikuwa juu, nitasema hapana. Sikuwa na ujasiri wa kuanza, lakini wa kujibu niliona ninao. Nikakaa naye saa nzima dukani kwa muuza mikate. Tukaongea habari za ng'ombe wa Luzi, bei ya mafuta ya taa, mguu wake.

Hakuuliza. Ameacha kuuliza. Ameshajua jibu.


Jumatano, 18 Machi

Leo mchana Seraina kaja na habari kutoka kwa Jachen mwenyewe, anasimulia huku anakunja nguo.

"Kesho anakwenda Chur, mjini. Daktari wa kichwa. Luzi kamwandikia barua ya kumtanguliza. Na akitoka hapo anapita ofisi ya nyumba ya wazee kutia sahihi. Ijumaa mkutano mkuu unampigia kura Fadri, nyumba ya mlinzi inakwenda na kazi, basi yeye kaona afadhali awahi kuondoka mwenyewe kuliko kusubiri kuondolewa."

"Kutia sahihi? Kesho?"

"Anasema hataki kuunguza nyumba ya kijiji na jiko lake. Anaamka mara tano kuangalia lile jiko, maskini. Mtu alikuwa mzima kama jiwe mwaka jana." Akaweka shati juu ya shati. "Nimemwambia utampeleka na gari. Asipande treni peke yake na akili zile, akashindwa kubadilisha pale Punt."

"Na yeye kasemaje?"

"Kasema hataki kukusumbua. Kasema umemfanyia mengi."

Nikakaa juu ya nguo safi. Seraina akasimama, mikono kiunoni. "Curdin, una nini? Tangu Desemba una nini?"

Nikamwambia. Yote: supu ya wazee wa Basel, kufuli, taa, kitabu cha kijiji. Alikuwa ameshika soksi yangu moja muda wote. Hakulia, wala hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Alikuuliza mara ngapi?"

"Sijui. Mara sita. Saba."

"Na mara zote ukamjibu."

"Ndiyo."

Akaiweka soksi chini. Akaingia jikoni, akafunga mlango, nikasikia anasugua sufuria iliyokwisha kusuguliwa. Baadaye akaufungua kidogo tu.

"Mpeleke na gari," akasema. "Mwambie njiani. Mtakuwa wawili tu."

Nimelifikiria hilo la gari, nimekaa nalo saa nzima hapa stesheni. Sitampeleka na gari. Kwenye gari nina usukani wa kushika na barabara ya kutazama. Nitangoja kona ipite, nitangoja lori litupite, nitasema acha tufike kwanza, na nikifika nitamwona daktari mlangoni. Najijua. Na mzee naye atakuwa anatazama mbele, ataniambia ni sawa mwanangu, angalia barafu hiyo, na tutakuwa tumemaliza bila kuonana macho. Kwenye treni viti vinaelekeana, magoti yanakaribia kugusana. Huwezi kusimamisha, huwezi kuteremka kufuta taa.

Kesho Alhamisi, tarehe 19 Machi, treni ya saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili. Nimeshakata tiketi mbili, za kwenda na kurudi. Kutoka hapa mpaka Punt ni dakika arobaini na moja. Kabla hatujafika Punt nitakuwa nimemwambia kwamba alifunga, kwamba ile baridi ya kufuli mkononi ilikuwa ya siku ile ile, kwamba ni mimi niliyefungua kwa ufunguo alionipa kwa ajili ya kina mama, na kwamba kichwa chake hakina ugonjwa wowote ila mimi. Nitasema kwa mpangilio huo, la kufunga kwanza, hata kama mengine yatanishinda. Akitaka kunipiga, anipige mbele ya abiria. Akitaka kwenda Chur bado, nitakwenda naye nimwambie daktari. Akitaka kurudi, tutapanda ya saa mbili kasoro tano upande wa pili wa jukwaa, twende moja kwa moja karakana kwa Luzi, nirudie mbele ya Luzi, na Luzi aite polisi.